Kirangozi na Mgeni Wake: Tabora katika Njia ya Misafara

Mji wa kale haujielezi wenyewe. Kuta zake, milango yake na miti yake humkabili mgeni kwa kimya, na hapana budi awepo mtu wa kumwambia ni nini akitazamacho. Kwa sababu hiyo, katika miji ya kale ya Ulaya, kuwaongoza wageni ni kazi yenye ujuzi na desturi zake. Katika kanisa la Westminster Abbey, mjini London, vikundi vidogo vya wageni huongozwa taratibu kati ya makaburi ya wafalme na ya watu mashuhuri, hata wafike penye jiwe la kaburi la David Livingstone. Maandishi ya jiwe hilo yaeleza ya kuwa marehemu aliletwa pale na mikono yenye uaminifu, akavushwa nchi kavu na bahari. Mikono hiyo ilikuwa ya nani, jiwe halisemi. Jawabu la swali hilo halipatikani London. Sehemu yake kubwa yapatikana Tabora, katika njia kuu ya zamani iliyotoka Bagamoyo mpaka Ujiji.

Tabora nayo ina wageni wake na viongozi wake. Wageni si wengi kama wale wa pwani au wa mbuga za wanyama, nao aghalabu huja wawili watatu. Huonyeshwa stesheni ya reli, ambayo njia yake ilifika mjini mwaka 1912. Huonyeshwa Boma la Wajerumani na miembe mikubwa ya kale. Kisha hupelekwa Kwihara, kilomita chache kusini-magharibi ya mji. Hapo pana nyumba ya tembe, yenye kuta nene za udongo na dari iliyo sawa, iliyotengenezwa upya na kufanywa makumbusho. Jina lake ni Tembe la Livingstone. Mwaka 2006 serikali ya Tanzania iliitia njia ya kati ya biashara ya pembe na watumwa katika orodha ya mahali panapopendekezwa kuwa urithi wa dunia chini ya UNESCO, na Kwihara ni mojawapo ya vituo sita vilivyotajwa, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji.

Jina la nyumba hiyo lataka kufikiriwa. Livingstone hakuijenga, wala haikuwa mali yake. Alikaa humo kwa muda wa miezi sita na siku chache tu. Nyumba imepewa jina la mgeni, na wenye mji na wenye njia wakabaki bila mlango ulioandikwa jina lao. Si jambo la ajabu, maana dunia hukumbuka walioandika vitabu kuliko waliochukua mizigo ya wenye kuandika. Lakini mwanafunzi wa historia hana ruhusa ya kukoma mahali ilipokoma dunia.

Njia ile ilitangulia kuwapo kabla ya wageni wa Ulaya, na hata kabla ya wafanya biashara wa Kiarabu kujenga bara. Wanyamwezi walizoea tangu zamani kusafirisha chumvi ya Uvinza, majembe ya chuma na shaba ya Katanga kutoka nchi moja mpaka nyingine. Kufikia mwanzo wa karne ya 19, misafara yao wenyewe ilikuwa ikishuka pwani na pembe za ndovu. Waarabu na Waswahili walipopanda bara na kufanya makao yao Kazeh, katika nchi ya Unyanyembe, karibu na mwaka 1850, waliifuata njia iliyokwisha fanywa na nyayo za wenyeji. Kazeh hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Tabora.

Katika njia hiyo mtu aliyetangulia mbele aliitwa kirangozi. Alivaa vazi la kumpambanua na wenzake, akashika bendera nyekundu, na nyuma yake ikalia ngoma au baragumu. Haikuwa adabu mtu kumpita. Panda ya njia ilipofikiwa, aliziba njia isiyotakiwa kwa matawi, au alichora mstari chini kwa mguu, ili walio nyuma wasipotee. Alikuwa na ujuzi wa visima na wa vituo. Alijua Mgunda Mkali, nyika yenye uhaba wa maji kati ya Ugogo na Unyamwezi. Alijua watemi wa Ugogo na kiasi cha hongo waliyotoza. Nyuma yake walikuja wapagazi, kila mmoja na mzigo wa karibu frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Wengi wao walikuwa watu huru waliopatana ujira kwa nguo na shanga. Waliweza kukataa mzigo uliozidi, kugoma posho ilipopungua, na kuondoka mapatano yalipovunjwa. Kwa kijana wa Kinyamwezi, kwenda pwani na kurudi kulikuwa dalili ya utu uzima.

Haifai, hata hivyo, kuipamba njia kwa sifa hizo peke yake. Njia iliyomkuza kijana huru ndiyo iliyomshusha mtumwa pwani katika minyororo. Wengine walichukua pembe kwa ujira. Wengine walichukua pembe nao wenyewe wakiwa bidhaa. Anayewaongoza wageni akasema habari za kundi la kwanza na kulificha la pili, au akasema za pili na kulisahau la kwanza, huwa ameonyesha nusu ya njia.

Tarehe 7 Novemba 1857 Richard Burton na John Hanning Speke waliingia Kazeh, baada ya safari ya siku 134 kutoka pwani. Walipokewa na Snay bin Amir, mfanya biashara wa Kiarabu aliyezijua nchi za bara kwa macho na kwa masikio. Wakati huo ramani moja mashuhuri iliyochorwa na wamisionari wa Mombasa ilionyesha katikati ya Afrika bahari moja tu, kubwa na ndefu. Snay ndiye aliyewaeleza wageni wake ya kuwa bahari hiyo si moja: kwamba ziwa la Ujiji ni mbali na Nyasa, na kwamba upande wa kaskazini liko ziwa jingine lililo kubwa zaidi. Mwaka uliofuata Speke alitoka Kazeh kwenda kulitazama ziwa hilo la kaskazini, akalipa jina la malkia wake. Ulaya ikasema limevumbuliwa. Kazeh lilikuwa habari ya barazani.

Speke hakujua Kiswahili wala Kiarabu. Aliongea na msafara kwa kinywa cha Sidi Mubarak Bombay, kwa sababu wote wawili walijua Kihindustani. Bombay alizaliwa katika nchi ya Wayao. Alitekwa angali mtoto, akauzwa na kupelekwa Uhindi, akapata uhuru alipokufa bwana wake, na kurudi Unguja. Baada ya safari ya kwanza alikwenda tena na Speke na James Grant mpaka mto Naili, akawa na Henry Morton Stanley mwaka 1871, kisha na Verney Lovett Cameron mpaka bahari ya Atlantiki mwaka 1875. Kila mmoja wa Wazungu hao alipita Unyanyembe akaenda zake. Bombay alipita pamoja nao wote, na kwa hiyo huenda alizijua njia za bara kuliko kila mmoja wao. Mwaka 1876 Chama cha Jiografia cha Uingereza kilimpa nishani ya fedha na malipo ya uzeeni. Alifariki mwaka 1885.

Habari za tembe la Kwihara zaanza kueleweka vyema zikisomwa katika mwanga huo. Stanley alifika Unyanyembe mwezi wa Juni 1871, naye ndiye aliyepewa nyumba hiyo kwanza na wenyeji Waarabu. Njia ya Ujiji ilikuwa imefungwa na vita vya Mirambo, mtemi aliyekuwa akijenga dola yake Urambo na kukataa njia kutawaliwa na wafanya biashara wa Kazeh. Stanley alijiunga na Waarabu kumshambulia, wakashindwa; na mwezi wa Agosti Mirambo akaingia Tabora yenyewe na kuchoma sehemu ya mji. Ikambidi Stanley kuzunguka upande wa kusini ili afike Ujiji. Alirudi Kwihara pamoja na Livingstone tarehe 18 Februari 1872, na tarehe 14 Machi akaondoka kwenda pwani.

Livingstone alibaki. Alikuwa na nguo, shanga na dawa alizoachiwa na Stanley. Alikuwa na shauku ya kuendelea. Lakini hakuwa na watu wa kutosha. Stanley aliahidi kumwajiria wapagazi Unguja na kumpelekea. Basi mtu ambaye sifa zake zilikuwa zimejaa magazeti ya dunia alikaa Kwihara miezi mitano akihesabu siku. Watu hao walifika tarehe 14 Agosti, na tarehe 25 akafunga safari. Tembe ambalo kwa desturi huonyeshwa kuwa makao ya msafiri mkuu lilikuwa, kwa kweli, mahali pa kungojea wapagazi. Hapana ushahidi ulio wazi kuliko huo wa nani aliyeshika ufunguo wa njia.

Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Waliokuwa naye wangaliweza kumzika na kutawanyika, wala pasingekuwa na mtu wa kuwalaumu. Walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaufunga, na kuanza safari ya miezi tisa kuelekea pwani. Mbele yao walikuwa Abdallah Susi, mtu wa Shupanga penye mto Zambezi, na James Chuma, Myao aliyeokolewa katika mikono ya wauza watumwa mwaka 1861. Jacob Wainwright, mmoja wa wale waliofika Kwihara Agosti 1872, ndiye aliyesoma maneno ya mazishi.

Mwezi wa Oktoba 1873 walifika Unyanyembe. Hapo walimkuta Cameron, aliyetumwa kumsaidia Livingstone, naye akawashauri wamzike hapo hapo, kwa maana njia iliyobaki ilikuwa na hatari na maiti huleta hofu vijijini. Cameron alikuwa afisa wa jeshi la majini la Uingereza, na mbele yake walisimama watumishi wa marehemu. Walimsikiliza, wakakataa. Baadaye, walipozuiwa njiani na watu wasiotaka maiti ipite kwao, walisingizia kwamba wanaurudisha mwili Unyanyembe, kisha wakaufunga upya kwa mfano wa mzigo wa nguo, nao ukaendelea kama bidhaa nyingine yoyote ya msafara. Februari 1874 waliufikisha Bagamoyo. Katika mazishi ya Westminster Abbey, tarehe 18 Aprili 1874, kati ya watu wale wote alikuwapo Jacob Wainwright peke yake. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye, mazishi yamekwisha, wakamsaidia mhariri kueleza yaliyomo katika daftari za mwisho za bwana wao.

Kwa hiyo shauri la kuwapo au kutokuwapo kwa kaburi lile la London lilikatwa Unyanyembe, na wenye kulikata walikuwa Waafrika waliokuwa wakichukua mzigo. Bila kukataa kwao, wageni wa Westminster Abbey wasingekuwa na jiwe la kusimamia. Uaminifu ulioandikwa pale wasifiwa kana kwamba ulikuwa utii. Ulikuwa zaidi ya utii: ulikuwa hukumu ya watu wenye akili zao, iliyotolewa kinyume cha shauri la mkubwa aliyekuwapo.

Yaweza kusemwa ya kuwa kiongozi wa wageni ana saa moja au mbili tu. Ya kuwa mgeni huja kwa sababu ya jina la Livingstone, na jina hilo likiondolewa mlangoni, nyumba itakosa watazamaji. Hoja hiyo ina uzito, na haimpasi mtu kuidharau. Jina liachwe mahali pake. Lakini jina la mlangoni ni la kumwingiza mgeni ndani, na akiisha kuingia ana haki ya kusikia habari za Snay bin Amir na za Bombay, za Susi na Chuma, za Mirambo aliyeifunga njia, na za Isike, mtemi wa Unyanyembe, ambaye mwezi wa Januari 1893, Wajerumani walipoivunja ngome yake, alijilipua kwa baruti asije akaanguka mikononi mwao hai.

Na kiongozi hawezi kusema yale ambayo wasomi hawajampatia. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambaye baba yake alikaa karibu na Tabora na kuoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira, aliacha maisha yake kwa Kiswahili. Kitabu hicho kilichapishwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na tena na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950. Bado maandishi ya namna hiyo hukaa zaidi katika maktaba za vyuo vikuu kuliko katika kinywa cha mtu anayesimama Kwihara na wageni wake. Kuyatoa huko na kuyafikisha hapa ni kazi ya wanafunzi na wataalamu, tena ni kazi isiyohitaji fedha nyingi.

Jiwe la London halitaandikwa upya, wala si lazima. Lakini kiongozi wa Kwihara haandiki juu ya jiwe. Yeye husema, na kila kikundi kipya kikija huanza upya. Aweza kuanza kwa kuwaambia wageni wake ya kuwa katika nyumba hii, mwaka 1872, Mzungu mashuhuri aliketi miezi mitano akiwangoja wapagazi. Kisha awatajie majina ya wale ambao mwaka uliofuata walipita na mwili wake nchi hii hii, wakashauriwa wautue, wakakataa.