Kutoka Pembe hadi Kaseti: Historia ya Sauti Hafifu katika Kurekodi Mahubiri

Kwa sehemu kubwa, historia ya kurekodi mahubiri ni historia ya kupambana na sauti hafifu. Fonografu aliyoiunda Thomas Edison mwaka 1877 haikukuza sauti kwa umeme. Msemaji alielekeza kinywa kwenye chombo cha kupokelea sauti, ambacho baadaye kilifungwa pembe, yaani bomba lililopanuka mdomoni, na mawimbi ya sauti yakautikisa utando mwembamba uliosukuma sindano ya kuchora mfuo. Kwa kuwa nguvu yote ya kuchora ilitoka kwenye sauti yenyewe, aliyerudi nyuma hatua chache tu aliacha mfuo dhaifu, na ndiyo maana mhubiri wa zama hizo alilazimika kwenda studio na kuhubiri mbele ya pembe, mbali na waumini wake.

Kizuizi hicho kililegea mwaka 1925, kampuni kubwa za Marekani zilipoanza kurekodi kwa umeme, ambapo maikrofoni hugeuza sauti kuwa mkondo wa umeme na kikuza sauti huutia nguvu kabla haujaifikia sindano. Mwaka uliofuata mchungaji J. M. Gates wa Atlanta alianza kurekodi mahubiri mafupi ya santuri, akiwa na waumini wachache walioitikia nyuma yake, na maitikio hayo, ambayo pembe ingeyapoteza kwa urahisi, yakasikika pamoja na sauti yake.

Utepe wa sumaku, uliooneshwa hadharani Berlin mwaka 1935, ndio uliofanya iwe rahisi kurekodi ibada nzima mahali pake. Kuanzia miaka ya 1950, mahubiri ya mchungaji C. L. Franklin yalirekodiwa mbele ya waumini wake huko Detroit na kuuzwa kama santuri. Hata hivyo, kuingia kanisani kulileta tatizo la umbali: kila umbali kati ya kinywa na maikrofoni unapoongezeka maradufu, sauti inayofika moja kwa moja hupungua kwa desibeli 6 hivi, ilhali mwangwi wa ukumbi hubaki karibu vilevile.

Kaseti, iliyotolewa na Philips mwaka 1963, ililifikisha tatizo hilo kwenye makanisa ya kawaida. Kinasa sauti kilichowekwa kwenye benchi kilimnasa mhubiri kwa mbali, na msikilizaji alipoongeza sauti nyumbani, mvumo wa utepe nao uliongezeka. Waliounganisha vifaa kwa waya walikumbana na kasoro nyingine, kwa sababu maikrofoni hutoa umeme wa sehemu ndogo sana ya volti, wakati mixa, yaani kifaa cha kuchanganya sauti, hutoa unaokaribia volti moja: maikrofoni ikichomekwa kwenye tundu lililokusudiwa mixa, sauti huwa hafifu, na mixa ikichomekwa kwenye tundu la maikrofoni, sauti hupasuka.

Vinasa sauti vya kidijitali vimeondoa mvumo wa utepe, lakini havijaondoa umbali wala makosa ya matundu. Kwa hiyo kanisa linalopata rekodi hafifu lianze kwa kusogeza maikrofoni karibu na kinywa cha mhubiri, kisha likague tundu lililotumika, kisha lirekebishe kiwango cha kuingizia sauti kabla ya ibada; kuongeza sauti baada ya kurekodi kuwe hatua ya mwisho, kwa maana hukuza kelele pamoja na neno.