Probayotiki na Kuharisha kwa Watoto Wadogo: Hoja kutoka Mwambao wa Rumonge

Mtoto wa mwaka mmoja anayeharisha hufa kwa kuishiwa maji na chumvi mwilini, na kikiwa ni kipindupindu anaweza kufika hapo kabla jua halijazama. Tiba yoyote inayopendekezwa kwa ajili yake sharti ipimwe kwa kigezo hicho kwanza. Kwa kigezo hicho, probayotiki, yaani bakteria au hamira hai zinazonywewa ili kuusaidia utumbo, bado hazijajipatia nafasi katika tiba ya kuharisha kwa ghafla kwenye mwambao wa Burundi. Hata hivyo sikubaliani na wanaotaka mjadala ufungwe. Ninaamini tumekuwa tukiziuliza swali lisilo lake, kwa watoto wasio wake.

Tuanze na mahali penyewe. Rumonge ni mji wa mawese na wa samaki aina ya mukeke na ndagala, na Ziwa Tanganyika ndilo soko lake, barabara yake na, kwa familia nyingi, bomba lake. Kipindupindu kimekuwa kikirudi katika mwambao huu tangu 1978, hasa pale watu wanapochota, kufua na kuoga katika maji yaleyale. Maji ya Tanganyika yalipopanda miaka ya hivi karibuni, mitaa ya chini ya mji ilifurika na vyoo vya shimo vikafurika pamoja nayo. Tena watoto wa nchi hii hawaanzi kuugua wakiwa na akiba ya kutosha mwilini. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2016–2017 ulikuta asilimia 56 ya watoto wa Burundi walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na vifo 78 katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai kabla hawajatimiza umri huo.

Historia ya probayotiki imepita karibu sana na kipindupindu. Katika miaka ya 1920, Mfaransa Henri Boulard, akiwa Indochina wakati wa mlipuko wa ugonjwa huo, aliona wenyeji wakinywa maji ya maganda ya litchi na mangostini ili kuzuia kuhara. Hamira aliyoipata katika matunda hayo ndiyo Saccharomyces boulardii, ambayo leo inauzwa kama dawa katika nchi nyingi. Baadaye wakafuata bakteria wa Lactobacillus rhamnosus GG. Mapitio ya mwaka 2010 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopitia ushahidi wa tiba, yaliyokusanya tafiti 63 zenye washiriki zaidi ya 8,000, yalionyesha kwamba probayotiki hufupisha kuharisha kwa takriban siku moja. Kwa mama aliyekesha na mtoto, siku moja si jambo dogo, na naelewa kwa nini madaktari wengi walilipokea tokeo hilo kwa mikono miwili.

Miaka minane baadaye mambo yaligeuka. Novemba 2018 yalichapishwa majaribio mawili makubwa yaliyofanywa katika idara za dharura za watoto. La Marekani lilikuwa na watoto 971 na lile la Kanada 886. Baadhi yao walipewa probayotiki kwa siku tano, wengine poda isiyo na kitu. Huko Marekani kuharisha kulidumu kwa wastani wa kati wa saa 49.7 kwa waliopata bakteria na saa 50.9 kwa wasiopata. Kanada nako hapakuwa na faida yoyote. Cochrane iliporudia mapitio yake mwaka 2020, safari hii kwa tafiti 82 na washiriki zaidi ya 12,000, tafiti zilizofanywa kwa uangalifu mkubwa zaidi hazikuonyesha tofauti ya maana kati ya makundi. Faida iliyokuwa ikionekana mwanzoni ilitegemea sana tafiti ndogo na dhaifu.

Wapo watakaosema kwamba mtoto wa Chicago au Calgary, aliyeshiba na kuchanjwa, anayepona mwenyewe kwa siku mbili, hawezi kumsemea mtoto wa Rumonge. Hoja hiyo ina uzito, ila inakata pande zote mbili. Ikiwa matokeo mabaya ya Kanada hayatuhusu, basi hata matokeo mazuri ya Ulaya yaliyotangulia hayatuhusu, na haifai kuyatumia kuuzia dawa. Kinachotuhusu zaidi ni kazi iliyofanywa jirani.

Blantyre, Malawi, watafiti waliwapa watoto waliolazwa kwa utapiamlo mkali bakteria hai pamoja na nyuzinyuzi za kuwalisha bakteria hao. Watoto 795 walishiriki, na matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Kwa ujumla kiwango cha kupona hakikubadilika. Kilichonivutia kimo katika kona ya ripoti hiyo: miongoni mwa watoto waliokwisha kutoka wodini na kuendelea na matibabu ya nje, vifo vilielekea kuwa vichache zaidi katika kundi la bakteria, ingawa tofauti haikufikia kiwango cha kuthibitika kitakwimu. Miaka minane baadaye ikaja ripoti ya Mulago, Kampala, juu ya watoto 400 wa miezi 6 hadi 24 wenye utapiamlo mkali. Wodini probayotiki hazikupunguza kuharisha hata kidogo. Baada ya watoto kurudi nyumbani, siku za kuharisha zilipungua kwa takriban mbili. Nchi mbili, bakteria tofauti, na dalili inayoelekea upande mmoja: kama kuna msaada, unaonekana baada ya dharura kupita, wakati utumbo uliochakaa unapojijenga upya na antibayotiki za wodini zimekwisha. Dalili hiyo haitoshi kuandikia tiba. Inatosha kabisa kuanzishia utafiti.

Kwa sasa, je, kuna ubaya gani mama akinunua kipakiti cha bakteria akajaribu? Swali hili huulizwa kwa nia njema na linastahili jibu kamili. Tangu Mei 2006 huduma za afya kwa watoto wa Burundi walio chini ya miaka mitano ni bure katika vituo vya umma, lakini kinachonunuliwa dukani kinatoka mfukoni, na mfuko huo ndio unaonunua sabuni, kuni za kuchemshia maji na nauli ya kumfikisha mtoto kituoni. Bakteria wengi wa aina hii hufa wakikaa kwenye joto na unyevunyevu, na mwambao wa Tanganyika una vyote viwili. Tena kila aina ina tabia yake, kwa hiyo sifa za moja haziwezi kubandikwa kwenye pakiti ya nyingine. Kwa mtoto dhaifu sana, hasa aliyelazwa na kuwekewa mpira kwenye mshipa mkubwa wa damu, zimeripotiwa mara chache hamira na bakteria hizo kuingia katika damu yenyewe.

Hasara kubwa kuliko zote naiona kwingine. Umakini wa mama ni kitu cha thamani, na dakika chache anazopata na mwuguzi au mremeshakiyago, mhudumu wa afya wa jamii, zinapaswa kutumika kwenye maji ya chumvi na sukari. Nguvu ya maji hayo ilionekana mwaka 1971 katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, ambako Dilip Mahalanabis aliwapa wagonjwa wa kipindupindu wanywe na vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya 4. Pakiti ya leo, iliyoandikwa SRO kwa Kifaransa, ina gramu 20.5 na ni ya kuchanganywa na lita moja kamili ya maji salama. Lakini lita moja hupimwa na nini katika nyumba ya mvuvi? Akitumia chupa kubwa ya bia ya Primus, ina sentilita 72. Pakiti nzima ikimwagwa humo, sodiamu inapanda kutoka milimoli 75 kwa lita hadi 104, na ukali wa mchanganyiko kutoka 245 hadi 340, kupita hata ule wa 311 wa fomula ya zamani ambao Shirika la Afya Duniani liliuacha mwaka 2002. Akitumia chupa ya maji ya lita moja na nusu na kuijaza, mchanganyiko unakuwa mwepesi mno. Kumwonyesha mama alama ya theluthi mbili kwenye chupa hiyo, kwa kidole chake mwenyewe, kunachukua dakika moja. Sijaona probayotiki inayoweza kushindana na dakika hiyo.

Zinki nayo ina la kutufundisha. Tangu 2004 ushauri ulikuwa miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14, kwa mtoto aliyezidi miezi sita, na wengi waliitapika. Utafiti wa watoto 4,500 wa India na Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba miligramu 5 au 10 hufanya kazi vilevile na kutapika kunapungua. Jibu hilo lilipatikana kwa sababu watoto wa Afrika Mashariki walihesabiwa ndani ya utafiti wenyewe.

Nisingependa kufunga mlango kwa bakteria wa chungu cha nyumbani. Katika miaka ya 1990 Wilbald Lorri na Ulf Svanberg walionyesha huko Tanzania kwamba watoto waliolishwa uji uliochachushwa waliharisha mara chache kuliko waliolishwa uji wa kawaida. Asidi ya uchachu huwazuia vijidudu vya ugonjwa kuzaana katika uji unaobaki chunguni tangu asubuhi hadi jioni, na uji wenyewe huwa mwepesi kumezeka hata ukiwa mzito kwa unga. Hiyo ni faida ya chakula, na haihitaji bakteria afike hai tumboni. Kwa hiyo ugali wa ikivunde, mihogo iliyovundikwa kisha ikasongwa motoni, usihesabiwe kuwa probayotiki, kwa kuwa moto umekwisha kuwaua bakteria wake. Ikivuguto, yaani maziwa yaliyogandishwa, kinao bakteria walio hai, lakini kwa mtoto mdogo maziwa yake sharti yawe yalichemshwa kabla ya kugandishwa. Uganda mradi wa Yoba umewawezesha wasindikaji wadogo kutengeneza mtindi wenye Lactobacillus rhamnosus iliyothibitishwa, kwa bei ya mtindi wa kawaida. Njia hiyo naiheshimu kuliko vidonge vinavyosafiri kutoka Ulaya.

Utafiti ninaoutamani Rumonge uanzie hapo. Washiriki wawe watoto waliomaliza matibabu ya utapiamlo mkali na kurudishwa nyumbani, wote wakiwa na SRO, zinki na chombo cha kupimia lita moja. Nusu yao wapate mtindi wenye bakteria hai, nusu mtindi uleule uliopashwa moto baada ya kuganda. Wafuatiliwe kwa miezi sita, kiangazi na masika, na waremeshakiyago waandike siku za kuharisha, uzito na vifo. Chuo Kikuu cha Burundi na hospitali ya Rumonge wawe wenye swali tangu mwanzo, na maji ambayo kila nyumba hunywa yapimwe pia.