Deni la Mabao Sita

Kutoka jengo la klabu ya soka ya Simba, Mtaa wa Msimbazi, hadi la Yanga, kwenye kona ya Twiga na Jangwani, hupandi daladala. Ni mwendo wa miguu tu, ukikwepa mikokoteni na wamachinga wa Kariakoo. Uhasama unaosimamisha nchi nzima ni ugomvi wa majirani.

Yanga ilizaliwa 1935. Mwaka uliofuata likajitenga kundi lililoanza kwa jina la Queens, likawa Sunderland, na mwaka 1971 likawa Simba. Shabiki wa Yanga hachoki kukumbusha nani mkubwa.

Timu hizi huitwa watani wa jadi, na neno hilo halikuokotwa. Mtani ana ruhusa ya kukucheka hata msibani kwako. Bonde la Jangwani hufurika mvua zikizidi, basi Yanga wakaitwa vyura; wao wakajibu kwa kuwaita wenzao makolo. Rangi nazo zina miiko: Yanga, watu wa kijani na njano, waliwahi kugomea nembo ya mdhamini wa ligi kukaa kwenye jezi yao kwa sababu ilikuwa nyekundu, rangi ya Simba. Fedha wanaitaka, wekundu hapana.

Hata damu haizuii utani. Haji Manara, akiwa msemaji wa Simba, ndiye aliyelivumisha jina la Utopolo dhidi ya Yanga, ilhali baba yake, Sunday Manara, na ami yake, Kitwana, walikuwa nyota wa Yanga. Mwaka 2021 akahamia Jangwani, akayakuta maneno yake yanamsubiri mlangoni.

Ila silaha kubwa ya utani ni hesabu, na hapa shabiki wa Kariakoo ana kumbukumbu ya muuza duka anayekopesha. Juni 1968 Yanga iliichapa Sunderland 5-0. Kitwana alifunga moja. Julai 1977 Simba ikarudisha kwa riba, 6-0. Abdallah Kibadeni alifunga matatu, Jumanne Hassan "Masimenti" mawili, na Selemani Sanga wa Yanga akajifunga. Mei 2012 Simba ikaongeza 5-0, na bao moja, la penalti, lilipigwa na kipa Juma Kaseja. Kufungwa na kipa! Yanga waliimeza aibu hiyo miaka kumi na moja.

Novemba 5, 2023, wakaitapika Uwanja wa Mkapa: Yanga 5, Simba 1. Haikupita wiki, kocha Robertinho akaondoka Msimbazi. Mjini ikawa "kono la nyani" kila kona, vidole vitano vikinyooshwa badala ya salamu. Wazee wa Simba walijibu kwa swali moja tu:

"Na zile sita, mtalipa lini?"