Binti wa Mfalme na Wasia Wake

Ndugu msomaji, ukubwa wa baba si ngao ya mwana. Mtazame Tecuichpotzin, binti wa Moctezuma, mfalme wa Waazteki katika nchi iitwayo leo Meksiko.

Mwaka 1519 Wahispania wa Hernán Cortés waliingia mji wao, Tenochtitlan. Mwaka wa pili Moctezuma akafa hali ni mateka wao. Binti yake, angali mtoto, akaozwa kwa Cuitláhuac, ndugu wa baba yake. Naye akafa kwa ndui mwaka huo huo. Akaozwa tena kwa Cuauhtémoc, mfalme wa mwisho. Mji ukaanguka 1521, na mwaka 1525 Cortés akamnyonga mumewe.

Wahispania wakambatiza, wakamwita Isabel, wakampa kodi ya mji wa Tacuba. Cortés akamwoza kwa mtu wake, Alonso de Grado. Alipokufa huyo, akamweka nyumbani mwake, akamzalisha nje ya ndoa binti, Leonor. Kisha bibi huyu alimzalia Pedro Gallego mwana mmoja, na Juan Cano, mumewe wa mwisho, watoto watano.

Alifariki karibu na mwaka 1550. Katika wasia wake aliagiza kwamba watumwa wake wote wenyeji wa nchi ile, wake kwa waume, waachwe huru.

Zingatia basi: aliyepokezanwa kama mali, neno lake la mwisho liliwatoa wenziwe katika kuwa mali. Nawe uandikapo wasia wako, usiwasahau wanyonge waliokutumikia.