Umetali, na Vumbi Lililomo Ndani Yake

Mwambie mwalimu wa kemia kwamba oksijeni ni metali, uone atakavyokutazama. Wanaastronomia husema hivyo bila kupepesa macho. Kwao elementi yoyote iliyo nzito kuliko haidrojeni na heli ni metali: kaboni, salfa, hata neoni, gesi isiyokubali kuungana na chochote. Sehemu ya masi ya nyota au ya gesi inayobebwa na elementi hizo ndiyo umetali wake. Umetali wa Jua ni kati ya asilimia 1 na 2.

Neno umetali silipingi. Ni fupi, na linafaa kwa jina la kipimo. Lakini ninapotaja vitu vyenyewe napendelea kusema elementi nzito, maana msomaji akikuta metali atafikiria mabati na nondo. La kuepuka zaidi ni madini. Atomu ya oksijeni inayoelea peke yake kati ya nyota haina umadini wowote. Inaukaribia pale tu inaposhikana na silikoni, magnesi na chuma ikawa chembe ya silikati, jamii ya vitu vinavyojenga miamba.

Chembe hizo, pamoja na zile za kaboni zinazofanana na masizi, ndizo vumbi la anga za juu. Nyingi hazifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Ukungu wa buluu unaoonekana kwenye picha za Kilimia ni mwanga wa nyota zake ukitawanywa na vumbi la wingu ambalo kundi hilo linapita.

Hapo ndipo istilahi ya pili inapoleta taabu. Wataalamu hupima vumbi dhidi ya elementi nzito, na tafsiri inayokuja haraka ni “uwiano wa vumbi na metali”. Hiyo “na” inapotosha, kana kwamba vumbi liko upande mmoja na metali upande mwingine. Vumbi lote limo ndani ya hesabu ya metali. Kinachoulizwa ni hiki: katika elementi nzito zote zilizopo, ni sehemu gani imeganda ikawa chembe, na ipi imebaki gesi? Ningeandika “sehemu ya metali iliyoganda”. Ni ndefu, nakubali.

Katika ujirani wa Jua jibu ni karibu nusu. Chuma karibu chote kimo ndani ya chembe. Neoni imebaki gesi. Kwa galaksi nyingine za msokoto, mfano mzuri ni M101 iliyo katika kundi la Dubu Mkubwa, umbali wa zaidi ya miaka ya nuru milioni 20. Inatuelekezea uso, hivyo inaweza kupimwa hatua kwa hatua kutoka kitovuni hadi ukingoni. Mwaka 1971 Leonard Searle alionyesha kwamba mawingu yanayong’aa katika galaksi za namna hii hubadilika muundo kadiri unavyotoka nje. Katika M101 oksijeni, inayotumika kuwakilisha elementi nzito zote, kitovuni inakaribia ya Jua. Pembezoni kabisa hushuka hadi sehemu ya kumi au chini yake.

Vumbi nalo, lililopimwa kwa mng’ao wake wa infraredi kupitia darubini ya anga ya Herschel, hupungua. Ila hupungua kwa kasi kuliko oksijeni. Kama sehemu iliyoganda ingekuwa ileile kila mahali, viwili hivyo vingeshuka sambamba.

Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba nyota zinazozeeka na zinazolipuka hutoa mbegu tu za vumbi. Chembe hukua baadaye, ndani ya mawingu baridi, kwa kunasa atomu nzito zinazopita. Atomu zikiwa haba, kukua huchelewa, na huku mawimbi ya milipuko ya nyota yanaendelea kuzisaga chembe zilizokwishapatikana.

Kiasi cha vumbi huhesabiwa kwa kulinganishwa na haidrojeni ya mahali hapo, na kasoro kubwa ya vipimo haimo kwenye vumbi, imo kwenye haidrojeni hiyo. Ile ya atomu hujitangaza kwa redio kwenye wimbi la sentimita 21. Ya molekuli, ikiwa baridi, haitoi mwanga unaopimika kirahisi, kwa hiyo hukisiwa kupitia monoksidi ya kaboni, na kanuni ya kukisia yenyewe hubadilika umetali unapobadilika.