Unataka kukodi anwani za IP? Mambo 5 ya kujua kabla hujalipa

Kampuni imehamia seva mpya, pesa imelipwa, tovuti inafunguka vizuri. Shida ni moja tu: barua pepe zake zote zinaishia kwenye barua taka za wateja. Kumbe aliyekosea si yeye, ni mpangaji aliyetumia anwani hizo kabla yake.

Anwani ya IP ni namba inayotambulisha kifaa kwenye intaneti. Mfumo wa IPv4, ambao bado unategemewa sana, una namba takriban bilioni 4.3 pekee. Februari 2011, IANA, chombo kinachosimamia namba hizo duniani, kiligawa mafungu yake ya mwisho kwa mamlaka 5 za kikanda. Ya Afrika ni AFRINIC, yenye makao Mauritius.

Kwa sababu namba ni adimu, wengi hukodi fungu kutoka kwa kampuni inayowapangishia seva. Kabla hujafanya hivyo, zingatia haya:

1. Jua ukubwa wa fungu
Fungu la /29 lina anwani 8, /28 lina 16 na /24 lina 256. Yaani namba ikipanda, fungu linapungua. Na si zote utazitumia: kwenye /29, mara nyingi ya kwanza na ya mwisho hutengwa, nyingine huchukuliwa na ruta. Unabaki na 5.

2. Piga hesabu ya mwezi
Tangu Februari 1, 2024, Amazon AWS inatoza dola 0.005 kwa saa kwa kila anwani ya umma ya IPv4, hata kama imekaa bure. Inaonekana ndogo, lakini kwa siku 30 ni dola 3.60 kwa anwani moja, na dola 28.80 kwa anwani 8. Kumbuka tovuti nyingi zinaweza kukaa kwenye anwani moja, kwa hiyo usikodi usizozihitaji.

3. Chunguza historia yake
Omba utajiwe namba zenyewe kabla ya kulipa, kisha zikague kwenye tovuti ya Spamhaus, inayoorodhesha anwani zinazohusishwa na barua taka. Ukikuta zimo, omba fungu lingine.

4. Uliza kuhusu jina la anwani
Seva nyingi za barua pepe huangalia kama namba inayotuma ina jina linaloeleweka. Mwenye uwezo wa kuliweka jina hilo ni kampuni iliyokukodisha, au ikupe ruhusa uliweke mwenyewe. Bila hilo, barua zako zinaweza kukataliwa.

5. Ni za kukodi, si zako
Ukihama, namba zinabaki kwa mwenyewe. Waelekeze wateja kwenye jina la tovuti, si kwenye namba, ili siku ya kuhama usianze kuwapigia simu mmoja mmoja.

Vipi kuhusu IPv6? Mfumo huo mpya una namba tele, ila kifaa cha IPv4 pekee hakiwezi kuufikia moja kwa moja. Ndiyo maana foleni ya namba za zamani bado ipo.

Na ukishapata fungu safi, litunze. Mteja wako mmoja akituma barua taka, fungu zima linaweza kuzuiwa.