Mwana Hiti Sokoni: Je, Muuzaji Anadaiwa Maelezo?

Kwa watu wanaokusanya wanasesere wa thamani huko Ulaya na Marekani kuna mjadala wa adabu usiokwisha: je, anayemuuza mwanasesere wake anawajibika kueleza kwa nini anaachana naye? Wapo wanaosema kwamba maelezo ni uungwana, kwani humwondolea mnunuzi wasiwasi kwamba anauziwa kitu kibovu. Wapo wanaosema kwamba mali ni ya mwenyewe na sababu ni yake. Kwa mtazamo wa haraka mjadala huu ni wa watu walioshiba. Lakini ukiuhamishia Uzaramo, katika wilaya za Kisarawe na Kibaha, unageuka kuwa mjadala wa historia, wa sheria na wa haki za ukoo. Huku tunaye mwanasesere wetu ambaye ametafutwa na wakusanyaji kwa zaidi ya karne moja. Anaitwa mwana hiti, na maana ya karibu ya jina lake ni mtoto wa mti.

Kwa msomaji asiyemfahamu, mwana hiti ni sanamu ndogo ya mti, aghalabu inayotosha kushikwa kwa mkono mmoja. Kiwiliwili chake ni cha mviringo kama mchi mfupi, hakina mikono wala miguu. Kifuani ana matiti mawili madogo, na kichwani ana nywele zilizochongwa kama upanga wa jogoo, mara nyingi umegawanyika pande mbili. Wazaramo si peke yao kuwa naye. Wakwere, Wadoe, Wakutu, Waluguru na majirani zao wengine wanaohesabu ukoo kwa mama wanalifahamu umbo hilo, nalo huonekana pia juu ya bakora za wakubwa, kwenye vizibo vya vibuyu vya dawa na hata kwenye nguzo za makaburi. Lakini makazi yake hasa ni chumba cha mwali. Binti aliyevunja ungo alipowekwa ndani, alikabidhiwa mwana hiti amlee: amwoshe, ampake mafuta, amtengeneze nywele, alale naye. Kwa kumlea mtoto wa mti alijifunza kumlea mtoto wa damu. Mtafiti Marja-Liisa Swantz, aliyeishi miongoni mwa Wazaramo katika miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake kuhusu ibada na alama za jamii hiyo mwaka 1970, alionyesha kwamba ishara hizi zilibeba uzazi, damu na uendelevu wa ukoo wenyewe.

Sasa tuangalie jambo ambalo mjadala wa wakusanyaji huliruka. Katika mazingira hayo, mwana hiti alikuwa mali ya nani? Hakuwa wa mwali, kwa maana mwali alikabidhiwa tu. Wala hakuwa wa bibi aliyemhifadhi sandukuni, kwa maana bibi naye alimpokea kwa waliomtangulia na alitarajiwa kumpitisha kwa watakaofuata. Alikuwa wa upande wa mama, wa ukoo. Kwa hiyo kila alipoondoka mkono mmoja kwenda mwingine palikuwa na maelezo, na maelezo hayo hayakuhitaji kuombwa, kwa sababu tendo lenyewe lilifanyika mbele ya watu. Shangazi alijua, somo alijua, wajomba walijua. Kuachana na mwana hiti kimyakimya, bila shahidi, kulikuwa kinyume cha kazi yake.

Ukimya uliingia na utawala wa kigeni. Wamisionari wa Berlin walifungua kituo Kisarawe mwaka 1892. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikapita Pugu na Soga na kufika Morogoro mwaka 1907. Miaka hiyohiyo vita vya Majimaji viliitikisa nchi ya kusini na mashariki, Uzaramo ikiwemo. Kabla ya hapo, mwaka 1889, Baraza la Shirikisho la Ujerumani lilikuwa limeamua kwamba vitu vilivyokusanywa na misafara iliyogharimiwa na serikali katika makoloni vipelekwe kwanza kwenye jumba la makumbusho la Berlin. Hivyo askari, mmisionari, daktari na karani wote wakawa na sababu ya kukusanya, na mahali pa kupeleka walichokikusanya.

Sisi wanahistoria tunaosoma madaftari ya zama zile tunakutana na kasoro ileile mara kwa mara. Daftari linamtaja aliyekusanya, na cheo chake, na tarehe ya kupokewa mzigo. Aliyekabidhi hatajwi. Kama alikuwa mwanamke, ni nadra sana kutajwa. Kama aliuza, kama alinyang'anywa, kama alitoa kwa hofu ya mjeledi au kwa mapenzi ya dini mpya, safu ya kuandika hayo haipo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa mambo yalikuwa mabaya zaidi: mali ilipotea ikiwa na daftari, kwa sababu daftari lilikuwa la mpokeaji.

Baada ya uhuru soko halikufa, lilibadilika sura. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, iliweka tofauti ambayo watu wengi hawaifahamu. Kitu kilichotengenezwa kwa matumizi ya kijamii na kiutamaduni kinalindwa, hata kama hakitumiki tena, na hakitakiwi kutolewa nje ya nchi bila kibali. Kitu kilichotengenezwa ili kiuzwe kwa wageni kama pambo hakimo katika ulinzi huo. Maana yake ni kwamba sanamu mbili zinazofanana, zilizochongwa kwa mti wa aina moja, zinaweza kuwa na hadhi mbili tofauti mbele ya sheria. Kinachozitenganisha ni historia yake: ilichongwa kwa ajili ya nani, na ilifanya kazi gani. Muuzaji akinyamaza, sheria inakuwa kipofu. Mgeni anaondoka na mwali wa ukoo kwa risiti ya pambo, au anabeba pambo la juzi akidhani amebeba karne nzima.

Hilo la pili si mzaha. Soko la wakusanyaji linalipa zaidi kilichotumika kuliko kipya, na wachongaji na madalali wanalijua hilo. Mti mpya hupakwa mafuta, hufukizwa moshi, hushikwashikwa mpaka ung'ae. Baada ya mti kuzeeshwa, hutafutwa maelezo ya kuuvisha. Nimeyasikia maelezo hayo mara nyingi kiasi kwamba naweza kuyasema kwa kichwa: bibi alifariki, watoto wamehamia mjini, mila zimekwisha, hakuna wa kumlea tena. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi ni wimbo wa dukani. Kwa hiyo wanaodai kwamba kila muuzaji aeleze sababu zake wajue kwamba wanachokiomba ni hadithi, na hadithi nayo ina bei yake. Mnunuzi anayependa kusikitishwa atapata masikitiko ya kutosha.

Miaka michache iliyopita, katika ziara zangu za utafiti upande wa Maneromango, nilikaa na bibi mmoja aliyekuwa amefuatwa na dalali kutoka Kibaha. Dalali alikuwa amemwuliza swali lilelile la wakusanyaji: bibi, kwa nini unataka kukiuza hiki? Bibi alinieleza kwamba mambo mawili yalimkera. Kwanza, yeye hakuwa ametaka. Aliyetaka ni dalali. Pili, dalali alisema "hiki". Kwake yeye ni "huyu". Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa uzito wa tofauti hiyo. Neno moja lilikuwa limekwisha kumhamisha mwana hiti kutoka ngeli ya watu kwenda ngeli ya vitu, kabla hata fedha hazijatajwa. Bibi hakukana kwamba alikuwa na shida. Mjukuu alikuwa akidaiwa fedha za shule, na paa lilikuwa likivuja. Lakini hayo, alisema, hayamhusu mgeni. Anayehusika ni dada yake, na watoto wa dada yake, kwa sababu huyu ni wao pia.

Nimeyatafakari sana maneno yale, na naona kwamba yanatatua mjadala ambao wakusanyaji wameshindwa kuutatua. Neno "sababu" limebeba mambo mawili tofauti. Kuna sababu ya moyo na ya mfuko: njaa, ugonjwa, karo, uchovu, imani iliyobadilika, au mtu kuchoka tu na mzigo wa kuhifadhi. Siri ya mtungi aijuaye kata. Sababu hiyo ni ya muuzaji, na kumlazimisha aitoe ni kumdhalilisha. Zaidi ya hapo, mnunuzi mjanja huigeuza kuwa silaha, kwani anayejua kwamba una mgonjwa hospitalini anajua pia kwamba utapunguza bei.

Lakini kuna jambo la pili ambalo si siri ya mtu mmoja: kilitoka wapi, kilikuwa cha nani, kilifanya kazi gani, na nani ameridhia kiondoke. Hilo muuzaji anadaiwa. Na mdai wake wa kwanza ni ukoo, kisha nchi; mnunuzi ni wa mwisho.

Nikubali kwamba si kila mwanasesere anadai uzito huu. Barbie, aliyeanza kuuzwa Marekani mwaka 1959, alitoka kiwandani, akanunuliwa dukani, na mwenye risiti ndiye mwenye mali. Akiamua kumuuza kwa sababu nyumba imemjaa, maelezo yake ni hisani tu, hayamwongezei wala kumpunguzia mtu haki. Mwana hiti hana risiti ya kwanza. Hakuna mahali katika maisha yake ambapo mtu mmoja alimlipia na kuwa mwenyewe peke yake. Ndiyo maana swali la haki kwake si "kwa nini unauza?" bali "nani ameridhia?"

Anayedhani kwamba ninazidisha mambo na atazame mkasa wa kinyago cha Kimakonde. Mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam yalivunjwa na vitu kadhaa vikaibwa. Mwaka uliofuata kimojawapo kilinunuliwa na jumba la makumbusho la Barbier-Mueller la Geneva. Mwaka 1990 ikagundulika kwamba ndicho kile kilichoibwa. Mazungumzo yakachukua miaka mingine 20, na kinyago kikarejeshwa kwa Tanzania Mei 2010. Miaka 26 kwa kitu kimoja! Na tuangalie kwa nini kiliweza kurudi hata kidogo: kilikuwa na kumbukumbu katika jumba letu. Mwana hiti anayetoka sandukuni Kisarawe usiku, akavuka Maili Moja kesho yake na kuingia mnadani ng'ambo mwaka unaofuata, hana kumbukumbu yoyote ya kumrejesha. Tanzania iliridhia mkataba wa UNESCO wa 1970 unaozuia biashara haramu ya mali za utamaduni, tangu mwaka 1977. Lakini mkataba haumtetei mtu asiyeandikwa popote.

Nifanyeje basi, atauliza mwananchi mwenye shida na mwenye mwana hiti sandukuni? Kwanza, asisukumwe. Dalali akija na haraka, hiyo peke yake ni sababu ya kusubiri. Pili, awaite watu wa upande wa mama, hata wawili watatu, kwa maana siku hizi koo zimetawanyika kati ya Mbagala, Mlandizi na Masaki ya Kisarawe, na hakuna anayeweza kuwakusanya wote. Tatu, aende kwa afisa utamaduni wa halmashauri yake, waandike ukurasa mmoja: jina la mhifadhi, la aliyempa, ukoo, kijiji, kazi iliyofanywa, na picha. Ukurasa huo hautaji karo wala paa linalovuja. Na kabla ya bei yoyote kutajwa, makumbusho na wahusika wa mambo ya kale waulizwe kama kitu hicho kinalindwa. Serikali nayo haiwezi kumwambia bibi asiuze kisha ikamwacha na paa lake. Kama tunataka abaki nchini, makumbusho yetu yapewe fungu la kumlipa mhifadhi, na jina lake liandikwe pale ambapo daftari la 1889 lilimnyima nafasi.

Kuhusu dalali na mnunuzi, msimamo wangu ni mkali zaidi. Kadiri bei inavyopanda ndivyo wajibu wa kueleza unavyoongezeka. Bibi anayepokea fedha za kununua mabati adaiwe kidogo, na anayeuza mnadani kwa fedha za kujengea nyumba adaiwe yote. Leo mambo yako kichwa chini miguu juu: maskini anahojiwa mpaka machozi, na tajiri anaandikiwa "kutoka mkusanyiko binafsi" na minong'ono inaisha. Maneno hayo matatu ndiyo maelezo ninayoyakataa. Naomba kuwasilisha.